Apiyo Hutangulia

Hellen Adongo hatembei. Ukisikia viatu vinagonga korido pa-pa-pa, jua ni yeye, na kama umebeba chai, jibanze ukutani. Mimi napika kantini ya kiwanda chetu cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na dirisha langu la kupakulia linatazamana na chumba chake. Nisichokiona nakisikia, na nisichokisikia atanisimulia mwenyewe akija kula.

Kazi yake ni kuitunza seva, ile kompyuta kubwa inayoendesha mizani na kuchapa lebo za maboksi. Ndani yake kuna mfumo wa uendeshaji wa makampuni, si huu wa simu yako ya kupigia picha, na mfumo huo umejengwa kwa vifurushi vingi vya programu. Kila mara wenye mfumo wanapogundua kifurushi fulani kina tundu la kupitisha wezi, wanatuma cha kuziba. Wasomi wanaita sasisho la usalama. Sisi tunasema apdeti, na tukisikia apdeti tunanuna, maana mizani inazimwa.

Kwao ni Rorya, Mjaluo, na ni pacha. Kwa Wajaluo pacha wa kike anayetangulia kuzaliwa ni Apiyo, anayefuata ni Adongo. Mama yao husema Hellen aligoma kutoka mpaka aliposikia mwenzake analia huko nje, akajua kumbe kunakalika. Hadi leo ndivyo wanavyoishi. Apiyo akisuka mtindo mpya, Adongo anatazama kwanza. Apiyo akaolewa, Adongo bado anatazama.

Basi alipokabidhiwa seva, akadai na ya pili, kuukuu, yenye programu zilezile, akaiita Apiyo. Apdeti yoyote inaanzia kwa Apiyo. Akiamka salama, ndipo ile kubwa inaguswa.

Bosi wetu, Shigela, alikuwa haelewi. Alimwekea Apiyo kofia na gazeti juu, kama stuli. "Debe hili linakula umeme bure," alikuwa akisema. "Iko siku nitaliuza chuma chakavu."

Asubuhi moja Shigela akaingia bila kusalimia mtu, na Msukuma asiposalimia ujue nyumba inaungua. Amesikia kuna kampuni mjini imefungiwa kompyuta zake zote na wezi, wamepita kwenye tundu lililotangazwa juzijuzi. Na sisi tundu lilelile tunalo. Huko getini gari la kupeleka minofu uwanja wa ndege linanguruma, linasubiri maboksi.

"Hellen! Weka apdeti sasa hivi! Zote! Usibakize hata moja!"

"Naweka, bosi. Apiyo kwanza."

"Wezi wako mlangoni, wewe unahudumia debe?"

"Bosi, ile kubwa ikianguka, na mizani imeanguka. Bila lebo hakuna boksi linalotoka getini."

"Haya, ngoja ngoja yako. Ila gari likikosa ndege," Shigela akainua kidole, "wewe hutakosa basi la Rorya. Leo leo!"

Nikaacha ugali ujisonge wenyewe. Gladness, kiongozi wa wapima samaki, naye akaja na aproni inachuruzika maji, tukabanana dirishani.

Hellen akamwekea Apiyo apdeti zote, kama alivyoagizwa. Akamzima, akamwasha. Apiyo akaamka. Akafungua programu ya mizani. Ikagoma. Akafungua tena. Maandishi mekundu yakajaa kioo.

Shigela akaketi juu ya kreti langu la soda hapo chini ya dirisha, rangi imemtoka. Hellen yeye akaruka juu kama timu yake imefunga bao.

"Imeanguka! Mama Nkwabi, imeanguka!"

"Sasa unachekelea nini, mwanangu? Bosi anazimia hapa!"

"Si imeangukia kwa Apiyo, mama! Ile kubwa nzima!"

Vidole vikakimbia. Kumbe ile "zote, usibakize" ilikuwa imezoa na kifurushi kimoja kipya ambacho programu ya mizani haijakizoea. Cha zamani hakikuwa na tundu wala nini. Hiki kipya kimekuja kwa kiherehere chake tu. Akakiondoa, akarudisha cha zamani, akabakiza zile za usalama peke yake. Akamzima Apiyo, akamwasha. Mizani ikafunguka.

"Sasa kubwa," akasema, na safari hii hakuruka.

Gladness akapaza sauti kuelekea ukumbi wa kupimia samaki: "Akina mama, mikono juu! Asipime mtu!"

Seva ikazimika. Kioo kikawa cheusi. Ukumbi mzima umesimama, watu na minofu mikononi. Dereva akapiga honi getini, Gladness akamjibu kwa neno ambalo siliandiki. Hellen anatafuna kamba ya kitambulisho chake. Shigela midomo inamcheza, anaomba kwa Kisukuma. Kioo bado cheusi. Mimi mwenyewe nimeukamata mwiko kama msalaba.

Mistari myeupe ikaanza kushuka, mmoja, mwingine, halafu mvua nzima. Na kutoka ukumbini tukasikia krrr! Mashine ya lebo inatema karatasi.

Vigelegele! Maboksi yakapita mbio, gari likatoka linatimua vumbi. Hellen alikuwa ameshakimbilia koridoni na simu, anampigia pacha wake.

"Apiyo! Umetangulia, nimefuata!"

"Nimefanya nini tena mimi?" sauti ikajibu. "Niko sokoni!"

Shigela alibaki chumbani. Akaondoa kofia yake juu ya debe, akaondoa na gazeti, akatoa leso akafuta vumbi. Kisha akageuka kuona kama kuna anayemwona. Nilikuwepo, ningeenda wapi?

"Unaangalia nini, Mama Nkwabi?"

"Naangalia kama utamsalimia. Si ndiye mkubwa?"

Akasita, akacheka, akainama kidogo.

"Shikamoo, Apiyo."

"Marahaba!" akaitikia Hellen kutoka koridoni, viatu pa-pa-pa, anakuja kudai ugali ambao ulikuwa umeshaungua.