Kamba Ilipovutwa Mara Tatu

Watu wakiniuliza kwa nini sitanii kazini, huwa nawajibu waende wakaulize makaburini. Jibu baya, najua. Mke wangu kanikataza kulisema mbele ya wageni. Lakini mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, mdomo wangu haujawahi kuwa na breki, na hili ninaloandika ni la mdomo huo huo.

Mwenzangu alikuwa Mnyamwezi mzaliwa wa Soga. Baba yake aliletwa huko na kazi ya reli ya zamani. Kwa hiyo tulikuwa watani wa jadi, kabila kwa kabila, hata kabla hatujajuana. Siku ya kwanza alinikuta nakula, akavuta sahani yangu, akala mpaka akaramba. Nikamwambia babu yake alibeba mizigo ya watu mpaka shingo ikazama tumboni, ndiyo maana yeye mfupi vile. Akacheka, akaniomba maji ya kunawa. Kuanzia hapo tukafanya kazi pamoja miaka sita.

Kazi yetu ilikuwa visima. Tulichimba, tulisafisha, na tulitoa vilivyodumbukia. Yeye mwembamba, ndiye aliyeshuka. Mimi mwenye mikono ya nguvu nilibaki juu na kamba. Kamba ilipita kwenye kapi, ikamfunga kiunoni, na mazungumzo yetu yote yalikuwa humo. Akivuta mara moja, yuko salama. Mara mbili, mlegezee. Mara tatu, mtoe, tena upesi, usiulize.

Siku hiyo tulikuwa Magindu kwa mzee mmoja mfugaji. Pampu yake ilikatika ikazama kisimani, na ng'ombe walikuwa wamesimama zizini wanalia kiu. Kisima kilikuwa cha futi sitini, na chini kulikuwa na maji yanayomfunika mtu na kuzidi. Ilibidi mtu azame gizani, aitafute pampu kwa mikono na kuifunga.

Hewa tulimpelekea kwa mashine ya gereji, ile ya petroli ya kujazia matairi upepo. Mpira mrefu ulitoka kwenye mashine ukaingia mdomoni mwake, akaubana kwa meno. Sasa sikiliza ujinga wetu. Mahali mashine inapovuta hewa ni karibu na mahali inapotoa moshi, hata shibiri mbili hazifiki. Tulijua. Kila siku tulisema tutafunga bomba refu livute hewa mbali na moshi, na kila siku tulisema kesho. Asubuhi ile upepo ulikuwa unausukuma moshi upande wa zizi, tukaona sawa.

Akashuka. Hazikupita dakika nyingi kamba ikavutwa mara tatu. Mimi na mzee tukavuta mpaka viganja vikachubuka. Alipotokeza kichwa, akautema mpira, akatabasamu.

"Nilitaka kujua kama Mzaramo kalala."

Ebo! Nilimtukana mpaka mzee wa watu akageuza uso. Nikamwambia, "Safari nyingine nitakuacha huko huko uoze."

"Nikioza, maji mtakunywa ninyi," akasema, akaubana mpira wake, akashuka tena.

Upepo ukageuka. Leo naukumbuka vizuri kabisa, maana moshi ulinijia machoni nikahamia upande wa pili wa kisima. Nilihama mimi. Mashine niliiacha pale pale.

Kamba ikavutwa mara tatu.

Mzee akaikamata. Nikamzuia mkono. "Mwache, mzee wangu. Anatutania huyo."

Nikainama nikapiga kelele shimoni, "Leo hunipati, Mnyamwezi wewe!" Nikakaa juu ya ndoo. Mzee akaniambia, "Kijana, mtoe." Nikasema tumwache ajifunze. Sikusubiri muda mrefu. Muda wa mtu kukuna nazi moja, pengine. Kisha kamba ikatikisika kidogo tu, wala haikuwa alama yoyote tuliyokubaliana, nikairukia. Tukavuta.

Alikuja mzito. Mpira ulikuwa umeponyoka mdomoni. Tulimlaza, tukamkamua maji, nikampulizia, nikampiga makofi, nikamwita mshenzi, nikamwita ndugu yangu. Mashine ilikuwa bado inanguruma. Nikaokota ule mpira nikaunusa. Ulitoa moshi mtupu.

Tangu siku hiyo nina masharti, na asiyeyataka atafute fundi mwingine. Hewa inavutwa mbali na moshi, na mtu mmoja kazi yake ni kutazama upepo tu. Kamba mbili, si moja. Na alama ya hatari haichezewi. Mtu akiichezea mara moja, namlipa namrudisha kwao. Akiivuta, hata kama najua ananidanganya, namtoa. Anidanganye mara mia, nitamtoa mara mia.

Mzee mfugaji aliwaambia watu kuwa mashine ndiyo iliyomuua. Hakutaja ile ndoo niliyokalia. Mimi nami sikuitaja.

Tulimzika kwao Soga. Kwaya ya parokia iliimba, na watani wake, Wazaramo wenzangu, walikuwa wamejaa, maana Mnyamwezi hazikwi bila sisi kuharibu msiba. Mmoja alivaa kofia ya marehemu, akatembea kama yeye. Mimi nilikaa pembeni. Mama yake akaniona.

"We Mzaramo, mbona umekaa kama mkwe? Mwanangu azikwe kama hana watani?"

Nikainuka. Desturi ni mtani aingie kaburini kabla ya jeneza, alale, agome kutoka. Nikashuka nikalala chali kwenye udongo wa baridi. Juu wakaanza kushangilia. Mtu akauliza swali linaloulizwa siku zote: nani kamuua mtani wako? Mtani hujibu ovyo, kwamba nimemuua mimi, alikuwa mlafi.

"Nimemuua mimi," nikasema. "Aliniita nimtoe, nikamwacha."

Wakaangua kicheko.

"Jamani, kweli. Nilikaa juu ya ndoo."

Wakacheka zaidi. Mama yake, ambaye kwa siku mbili hakuwa ameonja hata uji, alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yanamtiririka. Nilikuwa nalia waziwazi, na kilio changu nacho kiliwachekesha.

Kisha yule mama akapiga magoti ukingoni, akanyoosha mikono yote miwili, akanishika, akanivuta.

"Haya toka, mtani wangu," akasema. "Umemzika vizuri."