Pikipiki ya Fundi Viraka

Kiwanda cha nguo kilimpa nyumba ya vyumba vitatu, kikamchukulia masikio. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma, na zile mashine zilimpigia kelele ujana wake wote. Kwanza ndege walinyamaza. Kisha kifuniko cha birika. Alipostaafu, ukimwomba kisu alikuletea kiti; nyumba nzima ikaangua kicheko, naye akacheka nao bila kujua wanacheka nini.

Ndipo akaamua kuunda pikipiki. Enzi za uchumba alikuwa na moja ya silinda moja, na mkewe aliutambua mlio wake tangu mbali, akakimbilia kioo kabla haijakata kona. Alitaka kuusikia tena mlio ule kabla masikio hayajaziba kabisa.

Fremu aliipata kwa muuza vyuma chakavu. Injini, ya aina ileile ya zamani, aliikuta imeshika kutu kwenye banda la msaga nafaka. Tangi lilikuwa la pikipiki nyingine, gurudumu la mbele la nyingine tena, na ekzosi aliikunja mwenyewe. Kilichokataa kuingia alikipiga tupa mpaka kikakubali. Mkewe, fundi cherehani, alishona kiti kirefu kwa ngozi ya kochi lililochakaa. Majirani wakambandika mzee jina la Fundi Viraka.

"Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mkewe alimtania, akiyatamka maneno polepole ili amsome midomo. "Wewe husikii la mkuu wala la mdogo!"

Kazi ilimchukua muda mrefu kuliko alivyodhani. Siku alipoikamilisha alipiga kiki, akapiga tena, na tena, hadi tangi likatetemeka chini ya kiganja chake. Hakusikia kitu. Akamgeukia mkewe.

"Imewaka?"

Mkewe aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka.

"Inaliaje?"

Mama wa watu aliushika mkono wa mumewe, akampigapiga kiganjani kwa vidole, du-du, du-du, akiufuata mlio.

Watoto walikuja juu. Kiziwi barabarani! Si kujitafutia kifo huko?

"Masikio ninayo mimi," mama yao aliwakata kauli, akapanda nyuma.

Honi ikilia kushoto, alimgusa bega la kushoto. Ikilia kulia, la kulia. Akitaka asimame, alimbana kiunoni. Wakaenda sokoni, wakaenda kwa wajukuu, siku nyingine wakaenda tu, hawana shughuli wala safari, kama vijana.

Haikudumu. Mkewe alianza kukohoa, akakonda. Mikono iliyombana kiunoni ikalegea, mpaka siku moja akashindwa kuinua mguu apande. Alilazwa, na hakurudi. Mazishini watu walilia kwa sauti. Mzee aliona midomo tu ikifunguka na kufumbika.

Binti yao kitindamimba alihamia kwake. Msiba ulipotulia kidogo akamwambia, "Baba, twende tukatembee. Nitakuwa masikio yako."

Alijitahidi, maskini. Lakini lori lilipopiga honi nyuma yao alishtuka, akampiga baba yake mabega yote mawili kwa pamoja. Mzee aliyumba, akaingia majanini, akazima injini. Lori likapita.

"Nisamehe, baba."

"Si kosa lako, mwanangu. Mama yako akiona mende alikuwa anapanda juu ya meza. Lakini kule nyuma hakushtuka hata siku moja."

Waliikokota hadi nyumbani, mzee ameshika usukani, binti akisukuma. Mzee akamwaga petroli yote, akaiingiza pikipiki kwenye chumba cha cherehani. Hajaiwasha tena.

Mara nyingine, mchana, binti humkuta mle ndani. Huwa ameipanda, lakini hakai mbele. Hukaa nyuma, mahali pa marehemu, mikono ameilaza mapajani, na binti humwacha, akaenda kupika.