Pua Kavu ya Bosi

Shangazi yangu ni dobi, na kama yupo mtu aliyewahi kumwambia afanye jambo akalifanya kwa sababu tu ameambiwa, mimi sijamwona. Alipofiwa na mume, wanawake walimsubiri alie. Hakulia mbele yao, na wiki iliyofuata akafungua duka. Maneno yaliyosemwa mtaani siyarudii.

Duka lenyewe ni chumba kimoja: mabeseni karibu na mlango, na meza ndefu ya kupigia pasi ambayo mimi nasimama upande huu, yeye ule. Mwisho wa meza, ukutani, kuna rafu yenye shuka kuukuu, na hapo ndipo analala paka wake, Bosi, akipigwa na joto la pasi kutwa nzima. Pua yake ilikuwa kavu siku zote kama ganda la mkate.

Pua hiyo ilimkosesha Baba usingizi. Baba ni kaka mkubwa wa Shangazi, na kwa kuwa nyumba ni yake, alijiona mwenye paka pia. Kila asubuhi akija kuchukua shati, alimbonyeza Bosi puani kama anayebonyeza kengele, kisha akatangaza kwamba paka mzima pua yake huwa mbichi, na huyu anaumwa. Wateja nao wakaanza kubonyeza. Mmoja akahamisha mashuka yake kwa dobi mwingine. Mwishowe Baba akatoa amri: mwezi ukiisha, paka akatupwe sokoni.

Shangazi alisimamisha pasi.

“Bosi haendi popote. Anakula, anaruka, anajilamba. Pua inakauka kwa sababu analala penye joto. Wewe ukilala hapo utaamka na umande?”

Baba aliondoka amenuna, lakini amri hakuifuta.

Basi asubuhi moja akabonyeza, kidole kikatoka na unyevu. Alifurahi kama aliyemtibu yeye mwenyewe. Akasema paka amepona, amri imekwisha, na abaki. Hata mimi nilishusha pumzi. Shangazi peke yake hakucheka. Aliinama akatazama sahani: vichwa vya samaki vya jana vilikuwa vizima. Akamgeuza Bosi uso. Tundu moja tu la pua ndilo lililolowa, na manyoya ya mgongoni yalikuwa yamesimama ovyo, hayajalambwa.

Aliniambia nizime pasi. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa bado kwenye mabeseni, na duka hilo halikuwahi kufungwa asubuhi hata siku moja. Baba alisimama mlangoni akiuliza ni akili gani hiyo, paka anaumwa hapelekwi, amepona ndiyo anapelekwa kwa daktari, watu si watatucheka.

“Wacheke,” alisema Shangazi, akampita na kapu la nguo, Bosi ndani yake amefunikwa taulo.

Daktari wa mifugo alimfungua Bosi mdomo, akatuonyesha jino la juu lililooza. Usaha ulikuwa umepanda kutoka kwenye mzizi mpaka puani. Unyevu tuliofurahia ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Alisema pua kukauka au kulowa peke yake si kitu, hubadilika hata mara kadhaa kwa siku. La kutazama ni kama mnyama anakula na ana uchangamfu, na pua ikitoa uchafu, tena upande mmoja, asicheleweshwe. Kisha akamwambia Shangazi kwamba jino kama hilo halikuoza jana, na mdomo nao hukaguliwa. Nilijiandaa kumsikia Shangazi akimpa daktari vidonge vyake. Shangazi aliitikia tu, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha paka.

Bosi alirudi bila jino, akala, akapanda rafuni kwake. Baada ya siku chache Baba alifuata shati, akanyoosha kidole kwa mazoea.

“Imekauka tena,” akasema.

Shangazi hakupaza sauti.

“Kaka, siku tulipomzika mume wangu ulinitazama macho, ukawaambia watu sina uchungu, kwa kuwa yalikuwa makavu. Hukuniuliza kama nakula.”

Nilikuwa nikilala kwake siku zile. Hakuwa anakula.

Baba alirudisha kidole. Alisimama na shati mkononi, kisha akamuuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama leo amekula.

“Leo ndiyo,” alisema Shangazi, akachukua pasi. “Sogea, unaniziba mwanga.”