Mbio Nisizokimbia

Waliniaga kanisani Mungaa mara mbili, Jumapili mbili mfululizo, kwa sababu ile ya kwanza mchungaji alikuwa safarini na mama hakuridhika na maombi ya mzee wa kanisa. Binti yake alikuwa anakwenda Ulaya kukimbia mita elfu tano, mashindano ya vijana wa dunia nzima wasiofikisha miaka ishirini, na mama hakutaka kubahatisha. Shangazi zangu walichinja jogoo wawili. Niliondoka nimevaa trakisuti yenye bendera mgongoni, kitongoji kizima kikanisindikiza hadi kwenye gari la Ikungi.

Mimi nilichokuwa nakihesabu ni umri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka unaofuata ningekuwa nimepitiliza, na kwenye mbio za wakubwa msichana mwenye muda kama wangu hakuna anayemwita. Ilikuwa safari ile au basi tena.

Kambini Dar es Salaam tulikaa wiki tatu. Joto la kule lilinitoa roho, mtu niliyezoea baridi ya asubuhi ya kwetu, lakini nilikimbia vizuri kuliko nilivyowahi kukimbia maishani. Pasipoti ilikuwa tayari. Siku nne kabla ya kupanda ndege, kocha alituita uwanjani akatuambia kwamba nchi tunayokwenda imeingia vitani na mashindano yamefutwa. Hayakuahirishwa, yamefutwa. Mwenzangu mmoja akaanza kulia. Mimi nilivua viatu vya misumari nikavirusha ukutani. Kocha, ambaye kwa kawaida angenifukuza uwanjani kwa hilo, aliviokota akanirudishia, ndipo nikajua kwamba hakuna la kufanya.

Sikumjua yeyote katika vita vile, wala sikujua wanagombea nini. Kwenye runinga ya kambini nilimwona mama mmoja amebeba mtoto na mfuko wa nguo, nyuma yake ghorofa limebomoka, nikaona aibu kulilia mbio. Aibu haikuiondoa hasira. Nilisafiri nazo zote mbili ndani ya basi mpaka Ikungi.

Nyumbani nilijifungia. Wiki nzima sikumsalimia mtu, na mama akiulizwa alijibu tu kwamba nimechoka. Hapo ndipo nilipojiharibia. Watu walikuwa wameniona naondoka na bendera mgongoni, wakaniona narudi mnyonge, bila medali, wakajumlisha wenyewe. Nilipotoka kwenda kupalilia alizeti, kila niliyekutana naye alinipa pole. Pole, Ulaya kugumu. Pole, wale wenzako wanakula vizuri. Nikawa naeleza, mwanzoni kwa utulivu, baadaye kwa kufoka. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaulizia mvua.

Bibi mmoja, jirani yetu, aliyekuwa akinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, nilimkuta anapepeta mtama uani kwake. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nilimweleza yote: kambi, vita, mashindano kufutwa, kwamba ndege yenyewe sikuipanda. Nilitaka mtu mmoja tu anielewe. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Mjukuu wangu," akasema, "ukishindwa, sema umeshindwa. Usisingizie vita vya watu."

Hakuwa na ubaya. Alinionea huruma kweli, hata akanifungia mtama kidogo niupeleke nyumbani. Njiani nililia kuliko siku ile ya uwanjani, kwa sababu niliona kwamba kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyozidi kuonekana mwongo.

Mwaka uliofuata mashindano yalitangazwa katika nchi nyingine. Kocha alinipigia simu, labda alidhani nastahili kulisikia jambo hilo kutoka kwake. Nilikuwa nimetimiza miaka ishirini miezi miwili kabla. Nilimshukuru, nikarudi shambani.

Sasa nina watoto wawili na sikimbii tena. Pole zimekwisha. Ila kwenye harusi au msiba, mgeni akitambulishwa kwangu, lazima atokee mtu wa kumweleza kwamba huyu alishawahi kwenda Ulaya kukimbia. Mgeni hufurahi, hunishika mkono, halafu huuliza nilikuwa wa ngapi.

Namjibu kwamba nilikuwa wa mwisho.