Ngoma ya Nyuma, Upande wa Kushoto

Nilikuwa fundi wa redio hapa Baraka, na masikio yangu nilikuwa nayasifu mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyeyasifu. Asubuhi moja niliitwa nyumbani kwake na citoyen Lubunga, mchuuzi wa Misisi; citoyen, yaani raia, ndivyo tulivyoitana enzi hizo. Alikuwa amenunua kule Bujumbura platine ya kuchezea disiki na bafle mbili za kutolea sauti, ndefu kama kabati, akataka kujua jambo moja: ni kweli chombo cha namna hii kinakukalisha katikati ya wapiga muziki, kila mmoja mahali pake?

Akaweka disiki, nami nikakaa kati ya zile bafle, nikafumba macho. Kweli, mwimbaji alikuwa mbele yangu, hata pumzi anazovuta nilizisikia. Gitaa lilikuwa kuume. Na nyuma kabisa, kushoto, kulikuwa na ngoma nzito isiyo na haraka.

“Ile ngoma, citoyen, kwa redio hauwezi kuisikia ata siku moja.”

“Mi naisikia leo kwa mara ya kwanza,” akasema, naye akafumba macho.

Nikataka kuonyesha ufundi. Nilizungusha kifungo, ngoma haikubadilika. Nikafungua dirisha ili sauti ipate hewa, na ngoma ikasogea karibu, tamu kweli. Lubunga akaniambia kuanzia leo mimi ndiye fundi wake.

Disiki ikaisha. Sindano ikainuka. Ngoma ikaendelea.

Kisha ikanyamaza, na mke wa Lubunga akachungulia dirishani, mchi mkononi, majani ya muhogo ya kupikia sombe yamemrukia mpaka usoni.

“Fundi,” akauliza kwa heshima, “niendelee kutwanga, ao inatosha?”