Kofi la Nzi wa Opala

Nimechoka kusikia watu wengine wakiisimulia vibaya, kwa hiyo leo naisema mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalize. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mwanamke aliyempiga profesa kofi la upara siku mwenyewe akitetea mémoire, tasnifu yake ya chuo, mchana kweupe, mbele ya jury nzima ya watahini, mbele ya Papa, baba yangu, mbele ya Tantine Georgine na wamama wote wa familia waliokuwa wameshona sare moja kwa ajili yangu.

Muelewe kwanza. Kazi yangu mimi ni nzi wa matunda, wale wanaotoboa embe na kutaga mayai ndani, ukilipasua unakuta funza wamekutangulia. Miaka mitano (masomo yenyewe yalikuwa ya miaka miwili, lakini hesabuni migomo, hesabuni na umeme) nimezunguka na mitego yangu, Simi-Simi, Yanonge, hadi Opala kwa pirogue, siku na siku juu ya maji, nitafute tu tuna nzi wa aina ngapi na nani ni ndugu wa nani. Niliandika sura nne. Ile ya nne ndiyo niliyoipenda, maana humo nilisema kwamba Opala kuna nzi wa kwao wenyewe, mwenye mgongo wa rangi ya kahawia, si yule mgeni wa mgongo mweusi aliyetoka Asia akajaa kila mahali, na kwamba huyo wetu ameanza kufika hata mjini. Na niseme ukweli, marehemu Mama alikuwa mtu wa Opala. Nilitaka Opala iwe na kitu chake.

Wale wa Opala kwenyewe nilikuwa nao ndani ya alkoli. Shida ni kwamba wale niliowakamata mjini niliwatunza kwa pini ndani ya sanduku, na sisimizi wakawala wote, wakaniachia pini na vikaratasi vya majina. Professeur, mwenyekiti wa jury yangu, alishaniambia kwenye korido, bila hata kusimama: «Bila nzi wa mjini hakuna sura, mademoiselle. Na bila sura hiyo sijui unatetea nini.» Mwaka mwingine tena, basi. Na Papa ameshazeeka.

Ndiyo maana asubuhi ya siku yenyewe nilipitia Simi-Simi kuangalia mtego wa mwisho. Hakuna kitu. Weusi watupu. Mkononi nilibaki na chupa ndogo ya dawa ya kuvutia nzi, ina harufu kama karafuu, nzi dume akiisikia anaacha shughuli zake zote (dume tu, jike hana habari nayo). Ningeirudisha maabara, lakini maabarani yuko Dieudo, mwenzangu, na kitu ukimwachia Dieudo umekiaga. Nikafanya kama Mama alivyokuwa akifanya na kila kitu chake cha maana: nikaifunga kwenye pindo la kikwembe, kitenge nilichojifunga kiunoni. Tena kikwembe kilikuwa chake, kile cha zamani, nilikivaa siku hiyo ili naye awepo. Halafu nikakaa kwenye benchi nje ya ukumbi kusubiri zamu yangu, na nikakalia fundo, chupa ikavuja.

Tantine alikuwa wa kwanza kusikia harufu. Akaniinamia sikioni: «Béa, juu ya nini unanuka sawa dentiste?» Nikamwambia ni sabuni mpya. Kudanganya tantine yako siku kama hiyo, mimi mwenyewe sijui nilitegemea nini.

Bon. Umeme hakuna, feni hazizunguki, madirisha yote wazi, nyuma ya ukumbi kuna miembe na ulikuwa msimu wake. Sura ya kwanza nikaitetea vizuri. Sura ya pili akaja nzi mmoja akatua kifuani, nikamfukuza kama mtu anayejipanguza vumbi. Sura ya tatu walikuwa kwenye karatasi, kwenye nywele, na kwenye kikwembe usiseme, wamenijaa kiunoni kama nimevaa mkanda wa nzi. Maishani mwangu wanaume hawajawahi kunifuata hivyo. Mwanajury mmoja akafunika glasi yake ya maji kwa mémoire yangu. Papa, mvuvi wa maporomoko tangu utoto, akashindwa kuvumilia, akaja mbele na kofia yake akaanza kunipepea kama anavyopepea samaki sokoni, na wale waliokuwa wametulia wote wakaruka.

«Mademoiselle,» Professeur akasema, «hii ni nini?»

Hapo ningesema samahani nikatoka nje nikafua. Badala yake (uchovu, nadhani, au kiburi, vimekaa jirani) nikajibu: «Ni data, Professeur.»

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. «Alors, katika hao wote tuonyeshe huyo wa Opala.»

Na nzi mmoja akatua juu ya upara wake. Mgongo wa kahawia. Nawaapia niliuona, palepale, unang'aa kwenye jasho la mtu aliyekuwa ananinyima shahada. Miaka mitano ilinipanda mkononi. Nikapiga.

Kofi lilisikika hadi uani, nasikia. Halafu mimi tena, nikisema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: «Usijipanguze, Professeur.» Kwa sababu nzi alikuwa amepondeka, lakini mguu mmoja ulikuwa umebaki, na mguu mmoja unatosha kusoma ADN yake na kujua ukoo wake. Nikatoa kibano kwenye mkoba nikauchukua mguu ule kichwani pake, polepole, huku ameinama kama mtoto anayenyolewa. Alipoinuka akauliza: «Umemaliza?» Nikasema ndiyo. «Basi nasi tumemaliza. Mguu ukijibu, utarudi.»

Pondu na samaki wa sherehe vilikuwa vimepikwa tayari, tukala kama kwenye matanga.

Mguu ukapelekwa mbali pamoja na wale nzi wa Opala wa kwenye alkoli, na miezi ikapita, na jibu likaja kwenye karatasi moja. Ni yule mgeni wa Asia. Wote. Weusi na wa kahawia ni ukoo mmoja, mgongo ni rangi tu, kama watoto wa tumbo moja, huyu maji ya kunde, huyu mweusi. Opala haina nzi wake. Nimempiga profesa kofi kwa ajili ya nzi wa kila mtu.

Nilirudi na sura tatu wakanipitisha, alama za kunitoa mlangoni tu. Jioni nikamkuta Papa anasuka mtego wa samaki, nikamwambia kwamba yule nzi wa kwa akina Mama hayupo, ni mgeni aliyefika tu kama wengine.

Hakuinua kichwa. «Mama yako naye hakuzaliwaka Opala,» akasema. «Alifikaka kule mutoto mudogo, na pirogue, walitokaka mbali. Lakini njo kule kwabo, njo nyumbani.»

Nilikaa chini. Miaka mitano nimewauliza nzi wa mkoa mzima wanatoka wapi, na mama yangu, aliyekuwa mbele yangu maisha yake yote, sikuwahi kumwuliza. Kikwembe chake nimekifua mara nyingi, lakini msimu wa maembe ukifika nikikianika bado nzi wanakuja kukitafuta. Siwapigi. Pindoni sifungi kitu tena. Na siku hizi kila Jumapili nakaa na Papa, namwuliza.