Mpunga Barabarani

Nakumbuka siku niliyopita juu ya mpunga wa mtu kwa baiskeli, mwanangu, nikacheka, nikataka kuendelea na safari. Nilikuwa na umri wako. Kichwani sikuwa na unywele mweupe hata mmoja, na akili nilidhani ninayo yote.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jumapili iliyopita mlirudi, wewe na wenzako watano, mmejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, mkaziegemeza baiskeli zenu za matairi manene kwenye ukuta wangu hapa Kabondo. Mlikuwa na furaha, nami nilifurahi nanyi. Ukaniambia, "Papa Amisi, ile njia ya zamani nyuma ya Kapalata iko tamu. Motokari hapana, pikipiki hapana. Unaweza kufunga macho." Nikanyamaza. Mzee akinyamaza si kwamba hana neno; huenda ameliweka mbali na anakwenda kulichukua. Leo nimelichukua. Keti.

Njia hiyo naijua. Katika ujana wangu daraja lake la chuma lilikuwa limekwisha kuanguka, malori yameikimbia, na msitu umeanza kuila pembeni. Sisi wenye baiskeli tukabaki wenyeji wake. Nilikuwa nikifanya toleka: nabeba abiria kwenye kiti cha sponji nyuma yangu, mjini na vijijini. Ah, mwanangu, asubuhi za njia ile! Mianzi imeinama huku na huku mpaka vichwa vinagusana, changarawe inalia chini ya tairi kama mafuta kwenye kikaango, na vipepeo wa manjano waliokuwa wakinywa kwenye madimbwi wanainuka wote pamoja ukipita, kama umefunguliwa mlango. Siwezi kukukataza uitamani. Mimi mwenyewe bado naiota.

Lakini nilikuwa nimeng'oa breki zote mbili. Vijana wa toleka tulifanya hivyo. Breki, tulisema, ni za waoga na zinaongeza uzito. Ukitaka kusimama, unakandamiza tairi kwa kisigino cha sandali. Aliyekuwa na sandali iliyoliwa kisigino alitembea mjini kama mwenye nishani.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa kwa binti aitwaye Zaina, wa familia ya Waislamu wa zamani wa mji huu. Sikuwa peke yangu. Ramazani, fundi wa kushona nguo, kijana mpole mwenye mlango wake wa duka sokoni, naye alikuwa ameposa. Neno la mwisho lilikuwa la shangazi yake Zaina, tantine Mariamu. Mama huyo hakuniuliza nina nini wala naswali wapi. Alituma tu habari kwamba ana dua ya arobaini ya ndugu yake katika kijiji cha kilometa ishirini na sita kwenye njia ile ile, na kwamba mimi ndiye nitakayempeleka. Wazee wanasema kumjua mtu ni kusafiri naye. Mimi, kwa ujinga wangu, nilifikiri anataka kupima nguvu za miguu.

Basi nikampimisha. Tulitoka kukiwa bado na ubaridi, yeye ameketi upande nyuma yangu, kanga imefungwa vizuri, tasbihi mkononi. Milima niliipanda bila kushuka. Kila nilipowapita watu wenye mizigo kichwani nilipiga mluzi ili wanipishe, na walinipisha. Mara mbili tantine aliniambia pole pole. Mara mbili nilimjibu asiogope, njia hii haina kitu.

Sasa sikiliza jambo ambalo anayepita mbio halioni. Msituni jua halifiki chini. Miti inalishikilia juu. Mahali pekee linaposhuka mpaka ardhini ni barabarani. Kwa hiyo barabara isipopita magari, watu wa vijijini huianikia kila walicho nacho: mihogo, kahawa, nguo za watoto, mpunga. Wewe unaona barabara tupu. Wao wanaona kiwanja pekee chenye jua.

Katika kilometa ya kumi na nane kuna mteremko mrefu, na chini yake nyumba nne. Nilishuka nao kama jiwe. Mkeka niliuona nimekwisha kuchelewa, umetandazwa katikati ya njia, umejaa mpunga. Nilikandamiza tairi kwa kisigino. Sandali ikatoa moshi, baiskeli haikusikia. Kushoto palikuwa na majani laini ambamo ningeweza kuangukia. Sikuyataka, nisije nikamchafua shangazi wa mchumba wangu. Nikapita katikati. Mkeka ulijikunja, ukaburutwa, mpunga ukaruka kama mvua na kumwagika wote kwenye changarawe. Baiskeli haikuanguka. Nami, mwanangu, nilicheka kwa sababu haikuanguka, nikazidi kukanyaga pedali.

Kidole kimoja kikanigonga mgongoni.

"Shuka," tantine alisema.

Nikashuka. Nikajitetea kwamba wao ndio walioweka vitu njiani, na kwamba njia ni ya kupita. Akanijibu. "Motokari iko hapana, mutoto. Lakini watu wako."

Mwenye mpunga alitoka ndani ya nyumba, koko mmoja, bibi kizee mwembamba aitwaye Veronika. Hakupiga kelele. Aliutazama mkeka, akaitazama changarawe, akasema kwa sauti ndogo kwamba ule haukuwa mpunga wa kula. Ulikuwa mbegu. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunguruma upande wa mto, na shamba lake lilikuwa limekwisha kufyekwa. Kisha akamgeukia tantine, akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu ni bwana-arusi wenu?"

"Bado. Tunaangalia."

"Muangalie vizuri."

Hapo ndipo aibu iliponishika. Nikachuchumaa. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo tulivyofundishwa, lakini mpunga huzoleka kwa anayekubali kuchuchumaa. Tatizo ni kwamba changarawe ya kwetu ina rangi ile ile ya mpunga, na vijiwe vyake vina ukubwa ule ule. Ungo haukufaa, kwa maana unapeperusha makapi tu, mawe yanabaki. Kuutosa kwenye maji Koko Veronika alikataa, mbegu isije ikaota ndani ya beseni. Ilibaki vidole. Punje moja, punje nyingine. Haba na haba.

Tantine Mariamu hakunisaidia hata punje moja. Aliketi kibarazani na mwenzake, wakala makemba ya kuchoma, zile ndizi kubwa, wakaongea habari za wagonjwa na mazao. Nilimkumbusha kwamba dua itampita. Akasema marehemu ana subira kuliko mvua. Jua likapanda. Mwanzoni kila punje niliyookota nilikuwa nikiionyesha kwake, kwa namna ya kuigiza, mkono juu, ili aone. Nilikuwa nikimwokotea Zaina, si Koko Veronika. Moyoni niliwaza: Ramazani yuko kivulini anashona, na mimi niko hapa najizika.

Jua lilipoanza kuinama, Koko Veronika alikuja, akatazama beseni, lilikuwa limefika nusu na kidogo. Akanihurumia. Akasema inatosha, niende, mwingine watauchukua kuku. Nikainua uso kumtafuta tantine, niusome uso wake. Alikuwa amenipa kisogo, anatazama mianzi.

Mwanangu, hapo ndipo siku yenyewe ilipokuwa. Nilikuwa nimeruhusiwa na mwenye mali. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Nikalitazama lile beseni, na kwa mara ya kwanza nikaona shamba: nusu limeota, nusu jeusi, na mama mmoja amesimama katikati yake. Nikarudi chini. Kuanzia hapo sikumkumbuka tena tantine, wala Ramazani, wala, nisamehewe, Zaina. Nilikumbuka punje tu.

Tulifika kilometa ishirini na sita watu wamekwisha kuitika amina na kula. Nilitembea nikisukuma baiskeli sehemu kubwa ya njia, na katika kila kijiji nilisimama nikaamkia. Tantine hakuniambia neno zuri wala baya. Kesho yake nilimrudisha kwao, nikamshusha mlangoni, nikaenda kwa fundi kurudisha breki. Nilijua nimekosa mke.

Siku saba zilipita. Kisha wakaniita. Baba yake Zaina alieleza kwamba dada yake amesema yake, naye hana la kuongeza. Maneno yenyewe niliyapata kutoka kwa Zaina miaka mingi baadaye, tukiwa na watoto watatu, maana alikuwa mlangoni akisikiliza. Tantine Mariamu alisema hivi: "Ramazani ni mutu muzuri, sina neno. Lakini yeye nimemuona nusu. Sijamuona siku anakosa. Amisi nimemuona akikosa, na kisha nikamuona nyuma ya kosa. Mupe huyo."

Kwa hiyo, mwanangu, nendeni. Sitakuzuia. Njia isiyo na magari ni zawadi, na ujana usioendesha baiskeli kwenye changarawe asubuhi umepungukiwa kitu. Ila usifumbe macho. Njia yenye magari ina honi za kukulinda na askari wa kukusimamisha. Njia tupu haina anayekulinda na nafsi yako ila wewe. Tia breki, uzitumie kabla ya nyumba ya kwanza. Ukikuta kilichoanikwa, shuka, zunguka, msalimu mwenyewe kwa jina kama unalijua, na kama hulijui, uliza. Na ukimwaga cha mtu, usihesabu nani alikosea kuweka. Okota. Akikwambia inatosha, okota kidogo tena.

Mungu akupe miteremko yenye baridi na pumzi ya kupandia milima. Awaweke hai wote mtakaowakuta barabarani, wao na walichoanika. Na siku utakapokosa, maana utakosa kama sisi sote, asikunyime magoti yanayokunjika.